Wahadhrami na Watakruni wa Jeddah: Mwaka, Mlango na Karatasi

Chukua orodha ya mahudhurio ya darasa lolote la chuo hapa Jeddah, usome majina ya ukoo tu. Utakuta majina mengi yanayoanza kwa Ba-: Bawazir, Bajaber, Baeshen. Utakuta Bukhari, Turkistani na Sindi. Utakuta pia Hausawi, Barnawi na Fallata. Kila jina kati ya hayo ni anwani ya zamani. Mwenye Ba- kwa kawaida asili yake ni Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu. Hausawi ni Mhausa, Barnawi ni mtu wa Borno na Fallata ni Mfulani. Wenye majina haya matatu asili yao ni Afrika Magharibi, na watu wa Hijazi waliwakusanya wote katika neno moja, Takruni, kutokana na Takrur, dola ya kale iliyokuwa kando ya mto Senegal.

Makala hii inalinganisha jamii mbili kati ya hizo: Wahadhrami na Watakruni. Tumezichagua kwa sababu zote mbili ni za Waislamu, zote zilihamia mji mmoja, wengi wao walifika mikono mitupu, na zote zina vizazi kadhaa hapa. Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa Jeddah awataje matajiri wa mji, atakuwa amekutajia Wahadhrami watano kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Ukimwuliza Watakruni wanajulikana kwa lipi, huenda akataja wacheza mpira, masheikh wa Haram na mitaa ya kusini mwa mji. Tofauti hii ya mali na hadhi ilitoka wapi?

Jibu la barazani ni jepesi: Mhadhrami amezaliwa na biashara damuni. Sisi tunaona jibu hilo halisimami. Kwa maoni yetu, tofauti ilitengenezwa na mambo matatu: mwaka watu waliofika, mlango walioingilia, na karatasi waliyopata baada ya kufika. Rangi nayo ilikuwa na sehemu yake, na tutaisema wazi mahali pake.

Wahadhrami: waliofuata jamaa

Hadhramaut ni nchi ya mabonde yenye mitende, yaliyozungukwa na milima mikavu. Ardhi yake haijawahi kuwatosha watoto wake wote. Kwa karne nyingi vijana wake walisafiri: India, Java, Singapore, Afrika Mashariki na Hijazi. Waliokuja Jeddah wengi walitoka Wadi Do'an.

Kijana wa Do'an hakuja kwa kubahatisha. Alimfuata mjomba, ami au jirani wa kijijini. Alilala dukani, akala chungu kimoja na wenzake, akalipwa kidogo. Akishaaminika, alipewa bidhaa kwa mkopo bila hati, akafungua kijiduka chake, naye baadaye akamleta mdogo wake. Kuaminiana kwa watu wa kijiji kimoja kulifanya kazi ya benki kabla ya benki kuwapo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihadhrami walikuwa tayari miongoni mwa wakubwa wa bandari hii. Ukipita al-Balad, mji mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, nyumba ya akina Baeshen bado imesimama na roshani zake za mbao.

Tutoe mifano miwili inayojulikana na kila mtu. Muhammad bin Laden alitoka Do'an akafika Jeddah karibu na mwaka 1930. Alianza kwa kazi za mikono, akawa mwashi, kisha mkandarasi mdogo. Kazi yake iliwapendeza wakubwa wa dola mpya ya Mfalme Abdulaziz, na katika miaka ya 1950 kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya kuupanua Msikiti wa Mtume Madina na Masjid al-Haram ya Makka. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1967, akiacha kampuni kubwa kupita zote za ujenzi nchini. Mwingine ni Salim bin Mahfouz, naye wa Do'an, aliyeanza kama mtumishi katika biashara ya kubadilisha fedha ya akina Kaki wa Makka, akapanda hadi kuwa mshirika wao. Mwaka 1953 walipata amri ya kifalme ya kuanzisha Benki ya Taifa ya Biashara, al-Ahli, benki ya kwanza ya Kisaudi.

Watu hupenda kusimulia habari hizi kama hadithi za bidii, na bidii ilikuwapo kweli. Lakini tazama miaka. Mafuta yaligunduliwa Dammam mwaka 1938. Ukuta wa zamani wa Jeddah ulibomolewa mwaka 1947 kwa sababu mji ulikuwa unafurika nje yake. Katika miaka hiyo dola ilihitaji mjenzi na ilihitaji mtunza fedha, na waliokuwapo karibu, wenye kazi iliyokwisha kujulikana, ndio walioitwa. Ngoma ilipoanza kulia, Wahadhrami walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani. Bei ya mafuta ilipopanda kwa karibu mara nne mwaka 1973 na 1974, aliyekuwa na kampuni alipata mikataba, na aliyekuwa na nguvu za mikono tu alipata ujira.

Watakruni: waliokuja kwa miguu

Watakruni nao wana historia ndefu hapa. Hija ya Mansa Musa wa Mali mwaka 1324 inasimuliwa hadi leo kwa dhahabu aliyoigawa Kairo. Lakini wengi wa mababu wa wenzetu wakina Hausawi na Fallata hawakuja na dhahabu. Walitembea. Walitoka nchi ambayo leo ni Nijeria, Niger, Mali au Senegal, wakapita Chad na Darfur, wakavuka Sudan hadi Suakin, kisha wakapanda chombo kuvuka Bahari ya Shamu. Safari iliweza kuchukua miaka. Njiani walifanya vibarua ili wapate chakula, na baada ya mwaka 1925 wengi walichuma pamba katika mashamba ya Gezira nchini Sudan. Walioana njiani, wakazaa njiani, na wengine wakazikwa njiani.

Wapo waliosukumwa na zaidi ya ibada. Waingereza walipouangusha ukhalifa wa Sokoto mwaka 1903 na Sultani Attahiru akauawa vitani Burmi, wafuasi wake wengi waliona ni hijra, wakaendelea kuelekea mashariki. Baadhi ya watu hao na watoto wao walibaki Sudan, wengine wakafika Hijazi.

Mtu wa namna hiyo alipoteremka bandarini Jeddah, hakuwa na mjomba mwenye duka. Aliyemkuta hapa ni Mtakruni mwenzake, hamali au mchukuzi wa maji, aliyeweza kumwonyesha mahali pa kulala na kazi ya kesho, basi. Wanaume walibeba mizigo, walijenga, walifagia. Wanawake walisuka mikeka na kuuza karanga na mbegu njiani. Jamaa walisaidiana kama Wahadhrami walivyosaidiana, tofauti ikiwa ni kile kilichokuwamo mikononi mwa anayesaidia. Mshikamano wa maskini humlisha mgeni, lakini haumpi mtaji.

Hapa ndipo rangi inapoingia. Utumwa ulipigwa marufuku nchini humu mwaka 1962, na hadi wakati huo sehemu kubwa ya watumwa wa Hijazi walikuwa wenye asili ya Afrika. Mtakruni alikuwa muungwana aliyekuja kuhiji, mara nyingi akiwa amehifadhi Qur'ani. Lakini machoni mwa mtu wa sokoni aliwekwa fungu moja na watumwa na walioachwa huru, akapewa kazi zilezile na ujira uleule. Mhadhrami maskini alionekana ni Mwarabu maskini, na umaskini wa namna hiyo unaweza kusahauliwa ukishapata mali. Mtakruni alibeba mzigo wa pili ambao hakuuleta yeye.

Hata hivyo tusimwandike Mtakruni kama mtu wa mashaka tu. Mlango mmoja ulikuwa wazi kwake, nao ulikuwa wa elimu ya dini. Abd al-Rahman al-Ifriqi, mzaliwa wa Mali, alisomesha hadithi Madina katika Dar al-Hadith, kisha akaitwa kufundisha Riyadh, na alipofariki mwaka 1957 alikuwa ameacha wanafunzi wengi. Sheikh Umar Fallata alisomesha katika Msikiti wa Mtume na akawa miongoni mwa watendaji wakuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961. Baadaye ukaja mlango wa michezo: Osama Hawsawi alikuwa nahodha wa timu ya taifa katika Kombe la Dunia la mwaka 2018. Hiyo ni hadhi ya kweli. Ila hadhi ya sheikh na ya nahodha ni ya mtu mmoja mmoja. Hairithiwi kama kampuni, na haiajiri wapwa arobaini.

Jaribio la kwanza: pwani yetu

Ikiwa biashara imo damuni mwa Mhadhrami, basi angetajirika kila alikokwenda. Sisi tunaosema Kiswahili nyumbani tuna ushahidi karibu. Zanzibar na Mombasa Mhadhrami aliitwa Mshihiri, kutokana na bandari ya Shihr, na neno hilo halikuwa la heshima. Mshihiri alikuwa mchukuzi wa maji, hamali wa bandarini, muuza kahawa anayegonganisha vikombe njiani, au mwenye kiduka cha pembeni. Masharifu wa Hadhramaut waliheshimiwa sana kwa elimu na nasaba, lakini Mshihiri wa kawaida alikuwa chini. Wamanga wenye mashamba ya karafuu hawakumhesabu kuwa mwenzao, na asingepewa binti yao.

Kijana huyu alitoka mabonde yaleyale, kwa desturi ileile ya kumfuata mjomba na kwa bidii ileile. Tofauti ni kwamba Zanzibar milango mikubwa ilikuwa imekwisha kushikwa: ardhi na karafuu walikuwa nazo Waomani, mikopo na biashara ya nje walikuwa nayo Wahindi. Aliyechelewa alipata ngazi ya chini. Kwa maneno mengine, huko pwani Mshihiri alisimama karibu na pale Mtakruni aliposimama Jeddah, isipokuwa kwamba hakuwa na mzigo wa rangi.

Jaribio hili ligeuzeni upande wa pili. Wahausa ni wafanyabiashara mashuhuri wa karne nyingi; Kano ilikuwa soko la ngozi, nguo na kola lililofungamana na misafara ya Sahara. Alhassan Dantata wa Kano, aliyefariki mwaka 1955, alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Afrika Magharibi kwa biashara ya kola na karanga. Basi wakati Mhausa wa Jeddah alipokuwa akibeba magunia, ndugu yake wa Kano alikuwa akiyanunua kwa maelfu. Damu ilikuwa moja, ila milango ilikuwa mbalimbali.

Jaribio la pili: karatasi

Tumesema habari ya mwaka na mlango. Imebaki karatasi. Kanuni ya uraia wa Saudi Arabia ya mwaka 1954 inamhesabu kuwa Msaudi mwenyeji wa nchi hii aliyekuwa raia wa Dola ya Uthmaniya mwaka 1914, na pia mtu asiyekuwa raia wa dola hiyo ikiwa aliishi hapa tangu mwaka 1914 hadi 1926 bila kuchukua uraia wa nchi nyingine. Nje ya dirisha hilo mtu alihitaji kuomba, na anayeomba huhitaji mtu wa kumsemea.

Hebu fikirini familia mbili za Kitakruni zilizotoka kijiji kimoja. Moja ilifika kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, nyingine ilichelewa miaka kumi na tano kwa sababu ya mavuno ya Gezira. Wajukuu wa kwanza leo ni raia: wanasoma bure chuo cha serikali na wanaomba kazi wizarani. Wajukuu wa pili, kama hakuna aliyepata uraia kwa njia nyingine, wanaishi kwa ikama au bila hata hiyo, ingawa hawajawahi kuiona nchi nyingine. Muhammad bin Laden mwenyewe alifika baada ya dirisha kufungwa. Lakini yeye alikuwa na kazi iliyomfikisha mbele ya mfalme.

Karatasi iliwagawa Wahadhrami vilevile. Kwa miaka mingi Myemeni aliruhusiwa kuishi na kufanya kazi hapa bila kafili. Mwezi Septemba mwaka 1990, baada ya Iraq kuivamia Kuwait na serikali za Riyadh na Sanaa kutofautiana juu ya mgogoro huo, ruhusa hiyo iliondolewa. Watu baina ya laki saba na milioni moja walirudi Yemen katika muda wa miezi michache, wakiwamo Wahadhrami wengi waliouza maduka yao kwa bei ya kutupa. Ndugu zao waliokwisha kupata uraia walibaki katika nyumba zao. Watu wa bonde moja, pengine wa nyumba moja, walitenganishwa na kijitabu cha kurasa chache. Baada ya hapo ni vigumu kusema kwamba damu ndiyo iliyoamua.

Kitu cha namna hiyo kimeonekana tena juzi tu. Mwaka 2021 mji wa Jeddah ulianza kubomoa mitaa iliyojengwa bila mpango, mingi kusini na katikati ya mji. Fidia ilifuata hati: mwenye hati ya ardhi alihesabiwa ardhi na jengo, asiye na hati alihesabiwa jengo tu. Mitaa kama Karantina, iliyokuwa makao ya Waafrika wengi tangu siku za mahujaji, ilijengwa na watu waliokuja kabla ya mtu kuwauliza hati.

Riyadh

Wenzetu wa klabu walioko Riyadh watauliza: haya ni mambo ya Jeddah, sisi yanatuhusu nini? Yanawahusu, kwa kuwa mali na madaraka yamehamia kwenu. Wizara zilihamishiwa Riyadh katika miaka ya 1950, balozi zikafuata katikati ya miaka ya 1980. Hata al-Ahli ya akina Bin Mahfouz, iliyokuwa fahari ya Jeddah na jengo lake la pembetatu, iliungana na benki nyingine mwaka 2021, na makao makuu sasa yako Riyadh.

Riyadh mizani ni nyingine. Katika Najd nasaba ya kabila ina uzito mkubwa, na lipo tusi la zamani kwa watu wa Hijazi wenye asili ya nje: mabaki ya mahujaji. Tusi hilo halimbagui Mhadhrami tajiri na Mtakruni hamali. Mbele yake wote wawili ni wageni. Lakini Riyadh ndiko pia kwenye ajira za serikali, vyuo na mitihani, na huko mjukuu wa hamali anaweza kuingia bila mjomba. Kwa familia nyingi za Kitakruni zenye uraia, mshahara wa serikali ndio uliofanya kazi ambayo duka la mjomba liliwafanyia Wahadhrami, ila umechelewa vizazi viwili.

Ni kiasi gani wamekaribiana leo, takwimu hazitatusaidia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, asilimia 58.4 wakiwa Wasaudi na waliobaki wageni. Matokeo hugawanywa kwa uraia, asili ya babu haimo. Kwa hiyo Hausawi mwenye pasipoti na tajiri wa Do'an wamo safu moja, na Hausawi asiye na pasipoti yumo safu nyingine.

Na sisi?

Kwa nini tumeyaandika haya katika gazeti la klabu ya Kiswahili? Kwa sababu tumekaa katika vikao vyetu wenyewe tukasikia jibu la barazani likirudiwa. Miongoni mwetu wapo ambao babu zao walitoka Hadhramaut wakaenda Mombasa, Lamu au Zanzibar, na watoto wao wakaja Jeddah, wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wapo ambao mama zao ni Waswahili wa bara. Na nje ya klabu, katika mji huuhuu, wapo madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya na Uganda wanaosema Kiswahili kama chetu au kizuri kuliko chetu, na ambao hatuwaalika katika sherehe zetu.

Wao wamefika mwaka huu au jana, wameingia kwa mlango wa kafili, na karatasi yao ni ikama ya muda. Mtu akiwatazama baada ya miaka hamsini, naye akasema watu hawa ni wa kazi za nyumbani kwa asili yao, atakuwa amefanya kosa lilelile lililofanywa kwa Mshihiri wa Zanzibar na kwa Mtakruni wa Jeddah.

Tunapendekeza kazi moja kwa wanachama wa miji yote miwili. Kabla ya toleo lijalo, kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwake mambo matatu: tulifika mwaka gani, nani alitupokea, na tulipata karatasi gani. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, bila majina ya watu, yaletwe kwa katibu. Walimu wetu wamekubali kuyapitia. Tukiwa na familia thelathini tu tutakuwa na jambo ambalo sensa haikutupa, nalo litakuwa limeandikwa na wenyewe.